Neno Ambalo Profesa Hakutaka Kunifundisha

Siku walipompekua mwenzangu getini na kumkuta na karatasi ya ofisi ndani ya pochi, mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Na nilijua karatasi ile imetoka wapi.

Nilijua kwa kuwa karatasi kumi na tatu za aina hiyo hiyo nilishazitoa mimi. Kwa mikono yangu hii, mchana kweupe, mlinzi akinifungulia geti na kuniambia, "Siku njema, mama."

Sikuwa naiba. Yaani sikujua kama naiba.

Nilikuwa najifunza Kiingereza.

Kaa nikusimulie.

Mimi ni mjane, huu ni mwaka wa nane. Elimu yangu ni ya msingi tu. Nafanya usafi kwenye jengo moja la ofisi, ghorofa ya tatu, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazini wananiita Mama Sala, kwa sababu kabla sijashika dekio lazima nipige magoti kwanza pale stoo, katikati ya ndoo na mifagio. Wanacheka. Lakini mtoto wa mtu akiugua, ni mimi wanayenivuta pembeni.

Mwaka jana msimamizi wetu alitangaza kustaafu. Kwenye mlango wa stoo likabandikwa tangazo kwamba anayetaka nafasi yake atafanyiwa usaili, na usaili utakuwa kwa Kiingereza, maana wageni wa kampuni wameongezeka.

"Mama Sala, hiyo ni yako," akasema mwenzangu wa ghorofa ya pili.

Huyu tunamwita Kicheko. Ana watoto watatu anaowalea peke yake, na sijui hicho kicheko anakitoa wapi.

"Yangu kwa Kiingereza kipi? Mimi najua good morning na sorry."

"Basi unamzidi msimamizi. Yeye sorry hajawahi kuijua."

Nikacheka, lakini usiku ule niliiombea nafasi ile. Binti yangu alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi. Mnaosomesha mnanielewa.

Haikupita wiki, akajitokeza mtu.

Mkabala na jengo letu kulikuwa na duka la kutoa kopi. Mwenye duka alikuwa mwanamume wa makamo, shati limenyooshwa kwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Watu wakimwita Profesa. Alisema amewahi kufundisha sekondari.

"Nasikia mnataka Kiingereza cha usaili," akatuambia siku moja tukipita. "Hicho cha salamu kila mtu anacho. Usaili unataka maneno mazito. Njooni saa nne mkiwa mapumziko. Bure."

Bure.

Hapo machale yakanicheza mara ya kwanza. Marehemu mume wangu alikuwa mtunza stoo, na hakuna kitu kilichokuwa kinamkosesha usingizi kama kitu cha bure.

"Bure kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ninyi ni mama zangu."

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Hamsini na mbili."

"Mimi hamsini na nne."

Kicheko ilibidi aegemee ukuta.

Lakini tukaenda. Tulikuwa wanne. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya mashine ya kopi, joto lake likitupiga magotini, na yeye akituandikia maneno nyuma ya karatasi zilizoharibika.

Na tusimnyime haki yake, alijua kufundisha. Neno la kwanza lilikuwa reluctant.

"Huyu ni mtu anayefanya jambo huku moyo haumo," akaeleza.

"Ndoa yangu hiyo," Kicheko akasema. Neno lile halijawahi kunitoka tena kichwani.

La pili, meticulous. "Mtu makini kupita kiasi. Asiyeacha hata chembe." Akaninyooshea kalamu. "Kama Mama Sala."

Nikajisikia vizuri, nikiri tu. Sifa zinalainisha mtu. Nilirudi kazini nikawa nadeki ngazi kwa maneno, kila ngazi na neno lake, na nikikosea narudi ngazi ya kwanza. Ngazi za jengo lile hazijawahi kuwa safi kama miezi ile.

Profesa alikuwa na masharti mawili.

La kwanza, tusitumie kamusi. "Kamusi inamdumaza mtu. Inampa maana bila jasho."

La pili, tumletee maneno magumu wenyewe. "Lakini msiniletee neno likiwa peke yake. Neno maana yake iko kwenye sentensi. Huko mnakofagia kuna karatasi kwenye makapu, au siyo? Nileteeni karatasi nzima. Si takataka tu?"

Kweli, ni takataka. Nani angebisha?

Kicheko akaleta boksi la sumu ya panya.

"Dada, hapa neno gumu ni lipi?"

"Sijui. Ila panya wote wameshalielewa."

Mwenzetu mwingine akaleta maelezo ya dawa ya kikohozi. Mimi nikaleta karatasi ya ghorofa ya tatu, ofisi ya zabuni. Ofisi hiyo ndiyo inayopanga kampuni yetu ikaombe kazi gani kubwa, na kwa masharti gani.

Profesa aliisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa.

"Sasa hiki ndicho Kiingereza," akasema taratibu.

Akaiweka kwenye mashine, akatoa kopi. Alisema anataka nafasi ya kuandika masahihisho pembeni. Yangu akanipigia mistari chini ya maneno matano, akanirudishia. Kopi akabaki nayo.

Tangu siku hiyo sumu ya panya hakuitaka tena. Nikifika na karatasi ya ofisi nyingine, anasoma mistari miwili na kuisukuma kando. Nikifika mikono mitupu, uso unamshuka kama mtu aliyekosa barua.

Mimi si mwepesi wa kusema. Ila ni mwepesi wa kuandika.

Kazini kwetu kila kapu la taka lina namba, na kila ukilimwaga unatia alama kwenye fomu iliyobandikwa stoo. Miaka kumi na moja ya fomu inamwingia mtu kwenye damu. Kwa hiyo hata daftari langu la Kiingereza nililichora vivyo hivyo. Neno, maana yake, tarehe, na namba ya kapu lilikotoka.

Siku moja nikawa nalipitia. Karatasi zote ambazo Profesa alizipenda, kumi na tatu, zilitoka kapu namba saba.

Nikaizungushia duara ile saba.

Halafu kulikuwa na neno jingine. Juu ya kila karatasi ya namba saba, katikati, kwa herufi kubwa, lilikuwa neno refu ambalo Profesa hakuwahi kulipigia mstari. Anaanzia chini yake kila mara, kama mtu anayeruka dimbwi.

"Profesa, na hili la juu?"

Hakuinua uso. "Hilo si neno, mama. Ni jina la kiwanda cha karatasi."

"Liko kwenye kila karatasi?"

"Kila karatasi. Tuendelee."

Jamani. Mtu ambaye ukimuuliza neno moja anakupa matano na mifano juu, leo neno moja kalipita mbio. Tena kiwanda? Mabunda ya karatasi ya ghorofa ya tatu nayapandisha mimi, begani kwangu. Majina ya viwanda nayajua kama majina ya majirani. Hilo halikuwemo.

Nilipofika nyumbani nilivuta sanduku chini ya kitanda, nikatoa kamusi ya marehemu. Mende walishaila pembeni, lakini katikati ilikuwa nzima.

"Mama, si Profesa wako kakataza kamusi?" binti yangu akaniuliza huku akimenya vitunguu.

"Ndiyo maana naifungua."

Kidole changu kilishuka polepole. Confidential. Pembeni yake kwa Kiswahili: ya siri, isiyoruhusiwa kutolewa nje.

Nikaifunga.

"Umelipata?"

"Nimelipata."

"Ni nini?"

"Ni kazi yangu," nikamjibu. Nilimaanisha kazi yangu imekwisha, lakini sikumwambia hivyo.

Niliomba sana. Asubuhi nikaamka na uamuzi. Nitakwenda kwa mkuu wa ofisi ya zabuni nimwambie yote, potelea mbali. Tulikuwa tukimwita Bwana Miwani. Kapu namba saba linakaa chini ya meza yake. Ni mtu wa adabu, hajawahi kunipita bila shikamoo.

Nikagonga. Akainua kichwa, akatabasamu.

"Shikamoo, mama. Karibu. Na Kiingereza kinaendaje?"

Maneno yote niliyoyapanga yakayeyuka.

Sikuwahi kumwambia kwamba najifunza.

"Marahaba. Kinaenda, bosi. Nani kakwambia?"

"Aah, habari za jengo hili zinatembea."

Macho yangu yakashuka yenyewe chini ya meza.

Nimemwaga makapu ya watu kwa miaka kumi na moja. Mtu anapotupa karatasi huifinyanga, au huichana, au huitupia maganda ya chungwa juu yake. Kapu la mhasibu lina vipande vidogo kama mchele, mtu mwenye hasira yule. Na pale zabuni, hatua mbili kutoka mlangoni, kuna mashine ya kukata karatasi kuwa nyuzinyuzi. Wenzake wote wanapitisha zao humo.

Kapu namba saba lilikuwa na karatasi moja. Safi. Imekunjwa mara moja, sawasawa, kama barua, na imelala juu.

Karatasi ile haikuwa imetupwa. Ilikuwa imewekwa.

"Ulikuwa na shida, mama?"

"Nimekuja kuchukua kapu, bosi."

Nikalimwaga kwenye gunia, gunia nikalipeleka hadi kwenye gari la taka, nikasubiri mpaka likaondoka. Na kwa Profesa nikaacha kupeleka.

"Hata moja?" akaniuliza.

"Siku hizi wanatumia mashine."

Akaifunika kalamu yake. "Usaili umebaki wiki mbili, Mama Sala. Usijiharibie."

Sasa nawaambia kosa langu, maana lipo. Nilinyamaza. Kicheko sikumwambia, kwa kuwa mdomo wake hauna mlango. Mkurugenzi sikumfuata, kwa kuwa zile kumi na tatu zilikuwa zangu. Nikajidanganya kwamba nikikaa kimya jambo litajifia lenyewe.

Halikufa. Goti likaniuma, nikapewa siku mbili za kupumzika, na Kicheko akashika ghorofa yangu.

Niliporudi, Bwana Miwani alinifuata nikiwa nadeki.

"Pole na goti, mama. Leo nisaidie, kapu langu limejaa. Limwage mapema, kabla ya mapumziko."

Nikachungulia. Karatasi moja. Imekunjwa.

Kapu lenye karatasi moja limejaaje?

"Nitalifikia, bosi," nikasema, nikaendelea na dekio langu. Kapu sikuligusa.

Saa nne tukashuka kwenda mapumziko. Getini tukakuta foleni, na mlinzi anapekua mikoba. Ya wafanya usafi tu. Minong'ono ikapita kwamba kampuni imepoteza zabuni ya tatu mfululizo, mpinzani anajua kila tunachoandika, na Bwana Miwani ndiye aliyeshauri tupekuliwe. Mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

Kicheko alikuwa mbele yangu. Akanigeukia, akapiga pochi yake kwa kiganja.

"Leo Profesa atafurahi. Jana jioni nimemwokotea moja ghorofani kwako."

Nikanyoosha mkono nimvute. Mlinzi akasema, "Anayefuata."

Karatasi ikatoka. Imekunjwa mara moja, sawasawa. Neno lile juu yake.

"Ni hom-weki yangu hiyo," Kicheko akasema, akicheka.

Hakuna aliyecheka naye.

"Nilisema," Bwana Miwani akasema kwa upole. "Hii ilikuwa kabatini kwangu, na kabati nalifunga kwa ufunguo. Waite polisi."

Hofu ikamwingia Kicheko polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Ndiyo mara ya kwanza nauona uso wake bila kicheko. Akanitazama mimi.

"Mama Sala. Waambie basi."

Kwenye mkoba wangu kulikuwa na kitabu cha sala na lile daftari. Ningeweza kufunguliwa geti nikapita. Ningefika nyumbani na kazi yangu, na binti yangu angeendelea na chuo. Watoto watatu wa Kicheko ndio wangelala wanamsubiri mama yao.

Na jioni ningepiga magoti nimwambie Mungu nini?

"Naomba kumwona mkurugenzi," nikasema.

"Mama, haya hayakuhusu," Bwana Miwani akasema.

"Yananihusu mara kumi na tatu."

Mkurugenzi alikuwa ameshashuka kwa ajili ya kelele. Ni mama mwenye sauti ndogo, ambayo inakutisha kuliko ya kufoka. Nikampa daftari. Akalifungua pale pale, ukurasa kwa ukurasa.

"Haya yote umeyatoa wewe?"

"Ndiyo, mama. Tulikuwa tunafundishwa Kiingereza pale ng'ambo, kwenye kopi. Tuliambiwa tulete takataka. Nilipojua maana ya neno la juu, niliacha."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Niliogopa kufukuzwa."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa. Lakini huyu hana kosa."

Kidole chake kikasimama kwenye safu ya mwisho. "Hii saba ni nini?"

"Ni kapu, mama. Zote zilitoka kapu moja."

Bwana Miwani akacheka kidogo, kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto. "Mkurugenzi, mimi kapu langu halijui karatasi. Kila ninachokiacha kinapita kwenye mashine. Hii wameitoa kabatini, tena nakala yake ni hii moja tu."

"Sawa, bosi," nikasema. "Basi twende tukaone kapu lako la leo. Uliniomba nilimwage kabla ya mapumziko. Sijalimwaga."

Nimeona watu wakiugua, nimemwona mume wangu akikata roho. Lakini sijawahi kuona uso ukihama rangi haraka vile.

"Goti lako, mama," akasema. "Ghorofa tatu zote hizo."

"Nitapanda tu."

Tukapanda. Mkurugenzi mbele, Bwana Miwani akimfuata, mlinzi nyuma, mimi nikishika ukuta.

Chini ya meza, kapu namba saba. Karatasi moja, imekunjwa kama barua. Mkurugenzi aliinama mwenyewe akaichukua, akaifungua, akaiweka kando ya ile ya Kicheko.

Ilikuwa ni ile ile. Ukurasa ule ule.

Hapo ndipo akili yangu ilipokaa sawa. Niliona kwa nini alitaka nilimwage mapema, na kwa nini upekuzi uliwekwa saa ya sisi kwenda darasani. Zabuni tatu zimepotea, mkurugenzi anataka mwizi, na mwizi alishaandaliwa.

Mtego ule ulikuwa wangu mimi. Kicheko aliuingia kwa karatasi ya jana, ambayo Bwana Miwani alidhani imeshavuka barabara.

"Nakala moja tu," mkurugenzi akasema kwa ile sauti yake. "Ndivyo ulivyosema?"

Bwana Miwani alivua miwani, akaanza kuifuta. Aliifuta mpaka polisi wakafika.

Kumbe alikuwa anamuuzia mpinzani wetu siri, na hakutaka hata siku moja aonekane amezitoa nje kwa mkono wake. Mikono tulikuwa nayo sisi. Profesa kazi yake ilikuwa kutufanya tuone fahari kuzibeba. Polisi walipovuka kwenda dukani walikuta kufuli, na benchi letu ndani likionekana kupitia dirishani.

Kicheko aliachiwa siku ile ile.

Mimi nilibakishwa kazini, ila nilipewa barua ya onyo kwa zile kumi na tatu. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Nilikaa nayo stoo, juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikaisoma mwenyewe hadi sahihi. Maneno mawili tu ndiyo niliyatafuta kwenye kamusi. Nilifurahi kwa barua ile, na najua si vizuri kufurahia onyo.

Mwenye onyo haruhusiwi kufanya usaili. Kwa hiyo nafasi ile niliyoiombea sikuipata.

Aliipata Kicheko.

Walimuuliza angemfanyaje mfanyakazi asiyependa kazi. Akasema mtu huyo ni reluctant, na yeye amewahi kuolewa na mmoja, anajua kumwamsha. Nasikia waliomsaili walifuta machozi. Siku hizi ndiye bosi wangu. Akiniona nimesimama dirishani ananiuliza, "Mama Sala, leo tuko reluctant?"

Maombi yangu yalijibiwa, ila kwenye nyumba ya jirani. Nimeshukuru.

Jambo moja la mwisho, na ndilo linalonisumbua.

Baada ya yote kupita, nilichukua kamusi ya marehemu nikakagua kila neno alilotufundisha Profesa. Sitini na mawili. Nilitegemea kukuta ametudanganya mwanzo hadi mwisho.

Yote yalikuwa sahihi. Lile la meticulous nalo, alilonipa mwenyewe kwa mkono wake, ni sahihi kabisa.

Alidanganya neno moja tu.

Kwa hiyo wewe unayejifunza, Kiingereza au kitu chochote kile, jifunze, usiogope. Na mimi naendelea, neno moja kila asubuhi nikishamaliza kuomba. Lakini anayekufundisha akikukataza usiulize kwingine, siku hiyo hiyo nenda kaulize kwingine. Na usimpime mtu kwa mengi anayokueleza. Angalia ni lipi analoliruka.